Chiang Mai: mji uliorudishwa na wenyeji

Kazi yangu ni nyumba ya wageni, Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na nikiingia mji wowote macho yangu huenda kwenye kamba za nguo kabla hayajaenda kwenye minara. Mashuka meupe yakiwa mengi juani, vitanda vimelaliwa. Novemba 2024 niliporudi Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, dobi wa uchochoro ninaofikia alikuwa ameanika mpaka juu ya uzio wa jirani. Mji huu naupenda tangu 2018, nilipokwenda kwa mafunzo ya kazi, na mashuka yale yalinipa furaha kubwa.

Maana kichwani nilikuwa na picha nyingine. Mwaka 2021 mama mwenye nyumba ya wageni ninayofikia pale, ambaye namwita dada kwa kuwa kanizidi umri, alinitumia picha kwa simu: magodoro yamesimamishwa ukutani, na meza ya mapokezi imepangwa mafungu ya mboga, trei za mayai na mitungi ya achari. Alikuwa akiwauzia majirani. Mimi nilimrudishia picha ya ua wetu, kuku wakitembea pale wageni walipozoea kunywa chai. Hatukuandikiana maneno mengi siku hiyo.

Thailand ndiyo nchi ya kwanza nje ya China kutangaza mgonjwa wa Uviko-19, tarehe 13 Januari 2020. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepokea wageni karibu milioni 40. Mwezi Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na mwaka 2021 mzima walioingia hawakufika hata nusu milioni. Milango ikafunguliwa kidogo kidogo: Phuket kwanza, Julai 2021, kwa waliochanjwa na kukubali kukaa kisiwani, kisha nchi nzima kwa vipimo na fomu, na Julai 2022 fomu zikaondolewa. Wachina, ambao 2019 walikuwa takriban milioni 11, walianza kurudi Januari 2023 baada ya serikali yao kulegeza masharti, na ndege kutoka Xiamen ilipokewa Bangkok na mawaziri. Mwaka 2024 wageni wote walizidi milioni 35, Wachina kati yao kiasi cha milioni 6.7.

Sisi Zanzibar mwaka 2019 tulipokea wageni zaidi ya 538,000, mwaka uliofuata wakashuka hadi kiasi cha 260,000, na 2024 wakapita 736,000. Kwa hesabu hiyo sisi tumepona na Thailand bado. Mimi siitegemei sana hesabu hiyo. Nimekaa mapokezi muda wa kutosha kujua kwamba mji unaweza kujaa wageni na mtaa ukafa: duka la mchele na mafuta likageuka la vinyago, muuza urojo akahama, nyumba ya familia ikawa ya kupangisha kwa usiku. Niliyokwenda kuyatazama Chiang Mai ni hayo. Nini kimerudi, na kimerudishwa na nani?

Nilipanda treni ya usiku kutoka Bangkok, safari ya kilomita kama 750. Zamani ilianzia Hua Lamphong, stesheni ya mwaka 1916 ambayo ukitoka mlangoni tu unakutana na mji. Tangu Januari 2023 treni za masafa marefu zinaanzia Krung Thep Aphiwat, jengo kubwa lenye baridi ya mashine. Ndani ya behewa mambo hayajabadilika. Mhudumu anakuja kutandika kitanda kwa ustadi ambao ningependa wasichana wangu wa kazi wauone, na asubuhi treni inapenya handaki la Khun Tan, mita 1,352 ndani ya mlima, lililokamilika mwaka 1918. Ukitoka upande wa pili hewa inakuwa nyepesi, na ndipo ninapojua nimefika.

Jioni ya kwanza nilikwenda Night Bazaar, Barabara ya Chang Klan. Hii ndiyo sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya mgeni: safu ndefu za vibanda, hoteli kubwa, maegesho ya mabasi, suruali zenye picha za ndovu na mashati ambayo hakuna mtu wa Chiang Mai anayeyavaa. Nilikuta taa zinawaka na watu wapo. Lakini katikati ya kila safu palikuwa na milango ya chuma iliyoshushwa yenye kutu chini, na matangazo ya kupangisha yaliyopauka. Kijana aliyekuwa akiuza mikoba alinieleza kwamba wenzake wengi walirudi vijijini mwaka 2020 na hawakuona sababu ya kuja tena. Wageni wa sasa, alisema, hawaji kwa mabasi kama zamani. Wanakuja wawiliwawili, wameshika simu, na wanatafuta mahali wenyeji wanapokula.

Basi pahali penyewe ni hatua chache nyuma yake. Ukivuka Chang Klan ukaingia kichochoro cha kwanza cha Barabara ya Charoen Prathet unakutana na Msikiti wa Ban Haw. Waislamu wa hapa asili yao ni Yunnan, kusini mwa China. Wazee wao walikuwa wafanyabiashara wa misafara ya baghala, wakishuka milimani na chai, nguo na chumvi, wakipanda na pamba. Karne ya 19 wakaanza kuhamia, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga msikiti. Mwaka 2018 nilikwenda pale nikitafuta chakula cha halali tu. Nikatoa salamu, nikaitikiwa, nikaulizwa natoka wapi, na nilipotaja Zanzibar mzee mmoja akataka kujua kama ni karibu na Makka. Nikamwambia kwa jahazi ni karibu kuliko kwao. Tangu siku hiyo sikupata tena taabu ya mahali pa kula.

Kila Ijumaa asubuhi karibu na msikiti huu kuna soko linaloitwa Kad Baan Haw. Wauzaji ni Waislamu wa Yunnan, Washani waliotoka upande wa Myanmar, na watu wa milimani wanaoshuka usiku na mizigo yao. Nilifika kabla jua halijapanda vizuri. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa juani, uyoga mkavu wa aina nisizozijua, majani ya chai yaliyochachushwa ambayo huliwa kwa karanga na vitunguu saumu vya kukaanga, parachichi, tangawizi yenye udongo wake, na sambusa. Washani wana tofu yao isiyotokana na soya: unga wa dengu unakorogwa motoni mpaka unakuwa mzito, rangi ya manjano, na asubuhi huliwa ungali moto, umemwagwa juu ya tambi, na mafuta ya pilipili, ufuta na kotmiri. Nilisimama kando ya sufuria nikimtazama mama akikoroga, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine ukihesabu chenji, na nikafikiri kwamba huyu hakufunga kazi kwa ajili ya kukosekana watalii. Wateja wake ni watu wa mtaa wanaonunua mboga za wiki. Wauzaji walinihakikishia hivyohivyo: mipaka ilipofungwa walipungukiwa na bidhaa, soko likasimama amri zilipokuwa kali, kisha likarudi mapema, wageni wa nje wakiwa hawajaanza hata kuonekana.

Chakula cha mji huu kinaitwa khao soi, na ningependa kila mpishi wa pwani yetu akionje. Ni tambi za mayai ndani ya mchuzi wa tui la nazi wenye manjano, binzari na iliki, pamoja na nyama ya kuku au ya ng'ombe iliyopikwa mpaka ikalegea. Juu yake wanaweka tambi zilezile zilizokaangwa zikawa kavu, na pembeni unaletewa achari ya majani ya haradali, vitunguu vidogo vyekundu, ndimu na pilipili iliyoungua kwenye mafuta. Inasemekana Waislamu wa misafara walikuwa wakikipika bila tui. Nazi iliingia kikiwa kimeshafika huku. Pale Khao Soi Islam, mkabala na eneo la msikiti, bakuli moja lilinigharimu chini ya baht 100, na meza zilizonizunguka zilikuwa za wanafunzi waliovaa sare, madereva, na familia moja ya Malaysia. Mtu wa pwani akila khao soi hahitaji kufundishwa. Ulimi unajua wenyewe.

Mlango wa pale ulikuwa na mstari wa rangi ya matope, juu ya goti. Ndiyo alama ya mafuriko. Mto Ping, unaopita mjini, ulifurika mwishoni mwa Septemba 2024, watu wakasafisha, na mwanzoni mwa Oktoba ukafurika tena, safari hii kwenye Daraja la Nawarat maji yakipita mita tano na kuvuka kiwango cha mafuriko makubwa ya 2011. Chang Klan na Charoen Prathet zote zilikuwa mto. Nilipofika, mwezi mmoja na kitu baadaye, ilikuwa vigumu kuamini. Matope yameondolewa, kuta zimepakwa rangi upya, friji mpya bado zina karatasi za dukani. Dada aliniambia kwamba watu wa mtaa wake, ulio juu kidogo, walishuka na majembe na mipira ya maji bila kungoja kuitwa. Anasema janga liliwafundisha kujuana kwa majina.

Mji huu una historia ya kuachwa. Ulianzishwa na Mfalme Mengrai mwaka 1296, ukiwa mraba uliozungukwa na ukuta na mfereji wa maji, kila upande kiasi cha kilomita moja na nusu. Mfereji upo mpaka leo, na samaki wake. Karne mbili na zaidi ulikuwa chini ya Waburma. Vita vya kuwaondoa vilipokwisha, mji ulikuwa umechoka kiasi kwamba mnamo 1776 ukaachwa kabisa, na miti ikaota ndani ya mahekalu kwa miaka kumi na kitu. Aliyeufufua ni Kawila, mtawala aliyetoka Lampang, na alichofanya hakikuwa kujenga majumba kwanza. Alitafuta watu. Alituma askari katika nchi za Washani, Kengtung na kusini mwa Yunnan, wakarudi na vijiji vizima, wengi wao mateka, wakapewa mitaa kulingana na ufundi wao: wachonga miti hapa, wapaka vanishi nyekundu pale, wafua fedha kusini ya ukuta. Haikuwa kazi ya upole, na sitaki kuipamba. Lakini mitaa ile ipo, na kazi zile zipo, na ndizo hasa mgeni anazokuja kuziona baada ya zaidi ya miaka 200.

Mtaa wa wafua fedha ni Wua Lai, na wazee wake walitolewa vijiji vya upande wa mto Salween. Jumamosi jioni barabara yake inafungwa magari na kugeuka soko. Nilikwenda mchana kwa sababu ya nyundo. Ndani ya uwanja wa hekalu la Wat Sri Suphan wanaume wazima na vijana wamekaa chini, wanagonga bati la fedha au alumini juu ya kitanda cha lami, kila pigo dogo kuliko lililotangulia, mpaka jani au joka linatoka. Wamelifunika jengo zima la ibada kwa kazi hiyo, ndani na nje, paa hadi ngazi. Mwanamke haruhusiwi kuingia humo. Bango linasema hivyo kwa adabu, kwa sababu ya vitu vitakatifu vilivyofukiwa chini yake, na mimi, niliyezoea misikiti yenye mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, nilikaa kivulini upande wa mafundi bila kinyongo. Fundi mmoja, mzee, alinionyesha bakuli alilolianza mwaka 2020. Kulikuwa hakuna mnunuzi, akaniambia kwa ishara na programu ya kutafsiri ya simu, kwa hiyo hakukuwa na haraka. Amelijaza hadithi nzima ya maisha ya Buddha. Haliuzi.

Usafiri ndani ya mji ni magari mekundu yenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, mfano wa daladala zetu za mbao za Unguja. Unalisimamisha, unataja unakokwenda, dereva akiwa anaelekea huko unapanda, baht 30 nilipokuwa huko. Wakati wa kufungiwa wengi wa madereva hawa waliyaegesha magari na kwenda shambani. Sasa wamerudi, japo vijana wengi huita teksi kwa simu. Dereva aliyenichukua Jumapili alikataa nauli niliyotaka kumwongezea. Alinishusha Lango la Tha Phae, ambako kila Jumapili Barabara ya Ratchadamnoen inakuwa soko la miguu mpaka karibu na hekalu la Wat Phra Singh.

Hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Uwanja wa mahekalu ya njiani umegeuzwa jiko: mafundo ya wali kwenye majani ya migomba, soseji zinazochomwa (za nguruwe, nikizipita), juisi, maandazi ya mchele na nazi. Saa kumi na mbili jioni vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa, na barabara nzima, maelfu ya watu, ikasimama kimya hadi ulipokwisha. Wauzaji wengi ni wale wanaotengeneza wenyewe. Nilinunua kitambaa cha kufumwa kwa mama wa Kikaren, kabila la milimani, aliyekuwa akiendelea na ufumaji wake, na aliponiona nakitazama upande wa nyuma kuangalia mafundo ya uzi, akacheka, akanisogezea kigoda. Soko hili lilifungwa wakati wa janga na kufunguliwa na kufungwa tena, na lilipofunguliwa wateja wa mwanzo walikuwa Wathai wenyewe, kwa sababu hakukuwa na wengine. Dada anasema bei zilishuka na vyakula vikawa vitamu zaidi miaka hiyo, maana huwezi kumdanganya mtu wa nyumbani kwa khao soi mbovu.

Ndovu nao ni sehemu ya habari hii. Thailand ina ndovu zaidi ya elfu tatu wanaofugwa. Walikuwa wakivuta magogo mpaka serikali ilipopiga marufuku ukataji wa misitu ya asili mwaka 1989. Wakakosa kazi, na utalii ukawa ndio mlo wao. Ndovu anakula zaidi ya kilo 150 kwa siku, mgeni awepo asiwepo. Kwa hiyo mwaka 2020 kambi za Chiang Mai zilipokosa fedha, zaidi ya ndovu mia moja walitembezwa kwa miguu kurudi vijiji vya Wakaren, wengine hadi kilomita 150, kuelekea Mae Chaem, ambako angalau majani yapo. Taasisi ya Bi Lek Chailert, mwenye Elephant Nature Park huko Mae Taeng, ilisaidia katika safari hizo. Hifadhi yake hiyohiyo ndiyo iliyopigwa na mafuriko ya Oktoba 2024. Ndovu zaidi ya mia moja waliokolewa, wawili wakafa maji. Kwenye kambi niliyotembelea hakuna kupanda mgongoni, mnalisha tu na kutazama. Mchungaji wa pale aliniambia kijijini ndovu wake alinenepa. Nilimuuliza kwa nini amemrudisha. Akanionyesha kwa kidole mwanawe wa shule.

Sikupenda kila kilichorudi. Baada ya bangi kuondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa, Juni 2022, maduka yenye jani la kijani yalikuwa yameota kila kona ya mji wa kale, mengine karibu na shule. Upande wa Nimmanhaemin, karibu na chuo kikuu, ni mikahawa ya wageni wanaofanya kazi kwa kompyuta zao. Viza ya miaka mitano iliyoanzishwa Julai 2024 inawaruhusu kukaa siku 180 kwa kila wanapoingia. Ni watu wapole, na kahawa ya milimani wanayokunywa ni nzuri kweli. Lakini mwanafunzi aliyekuwa akihudumia meza yangu aliniambia chumba alichopanga kaka yake mtaa uleule leo yeye hakiwezi, na anakuja kazini kwa pikipiki kutoka nje ya mji. Hilo nalijua kwa jina lake la nyumbani. Wenye nyumba za Shangani na Paje, huku Unguja, wanalijua pia. Na tangu Novemba 2023 uwanja wa ndege, ulio karibu kabisa na mji wa kale, unafanya kazi saa 24. Dada amelazimika kuweka vioo viwili kwenye madirisha ya juu.

Kisha kuna moshi. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba ya mahindi na misitu huchomwa, huku na ng'ambo ya mpaka Myanmar, na mji ulio bondeni unajaa vumbi laini ambalo Machi 2023 liliuweka miongoni mwa miji yenye hewa mbaya kuliko yote duniani. Wakaazi walikwenda mahakamani mwaka huohuo, na Januari 2024 mahakama ya utawala ya Chiang Mai ikaiamuru serikali itoe mpango wa dharura ndani ya siku 90. Waliofungua kesi ni watu wa hapo. Dada anafunga nyumba mwezi Machi wote na kumpeleka mama yake baharini, na anasema afadhali akose mapato kuliko kumpangishia mtu chumba ambacho hawezi kupumua.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, nenda kati ya Novemba na mwisho wa Januari, usiku kuna baridi ya kuvaa sweta. Chukua chumba ndani ya mzunguko wa mfereji au upande wa msikiti, kwenye nyumba ambayo mwenyewe analala humohumo. Fika kabla ya Ijumaa, na siku hiyo uwe Kad Baan Haw saa moja asubuhi. Ikifika saa nne wenye tofu wanafungasha.